MGONGO ULIOBANWA SI UVIVU



Kuna ugonjwa unaotembea katika mashamba na viwanda vyetu bila jina. Katika zahanati ya kampuni huandikwa "maumivu ya mgongo". Nyapara huuita uvivu. Ofisi ya mwajiri huuita uzee. Nyumbani wako wanaosema mtu karogwa. Majina manne, na hakuna hata moja linalompatia mgonjwa matibabu, kazi nyepesi wala fidia.

Leo nataka tuuite kwa jina lake: kubanwa kwa mfereji wa uti wa mgongo. Mimi si daktari. Shule yangu iliishia darasa la saba, na elimu iliyobaki nimeipata kazini na katika chama. Lakini nimekaa na waganga na wataalamu wa tiba ya viungo, nimewauliza maswali mpaka wakachoka, na nimewasikiliza wenzetu wengi katika mashamba ya miwa ya Busoga na Bunyoro na katika mashamba ya chai ya Toro. Maoni yangu ni haya: ugonjwa huu unatibika kuliko tunavyodhani, na chama kina kazi kubwa ya kufanya juu yake kuliko kilivyofanya hadi sasa.

UGONJWA WENYEWE NI NINI

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana za nyonga na kifandugu. Katikati ya kila pingili pana tundu. Pingili zikipangana, matundu hayo hufanya mfereji mrefu. Ndani ya mfereji hupita ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya fahamu inayoleta habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo na kurudisha amri. Ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo mishipa ya fahamu huning'inia pamoja kama mkia wa farasi, kisha hutoka mmoja mmoja kwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, nyama ngumu yenye maji inayopunguza mshindo. Miaka ikienda, diski hukauka, hupungua kimo na kutuna nyuma kuelekea mfereji. Viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili huanza kubeba uzito usio wao, navyo huota mifupa na kunenepa. Kano iliyo ndani ya mfereji nayo huwa nene. Mara nyingine pingili moja huteleza mbele juu ya mwenzake. Basi mfereji huzibwa kutoka mbele, nyuma na pembeni, kama mtaro wa shambani unaojaa tope kidogo kidogo. Mvua ya kwanza huoni kitu. Mvua ya kumi maji hayapiti.

Ugonjwa huu hauna ugeni wowote. Daktari wa Uholanzi, Henk Verbiest, aliueleza kwa makini katika maandishi yake ya mwaka 1954. Aliona kwamba wako watu waliozaliwa na mfereji mwembamba, na kwa hiyo uchakavu kidogo tu unatosha kuwabana. Tuliweke neno hilo akilini, kwa maana waajiri wanalipenda sana, na nitalirudia.

DALILI INAYOMFANYA MGONJWA AONEKANE MWONGO

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye dhuluma kubwa.

Mtu aliyebanwa mfereji kiunoni haumwi sawasawa saa zote. Akisimama wima au akitembea, baada ya hatua mia moja au mia mbili miguu huwa mizito, huchoma, huingia ganzi, au huhisi kama inataka kukunjika. Akikaa, au akiinama na kushika magoti, maumivu hupungua kwa dakika chache. Akiinuka anaweza kutembea tena, kisha yanarudi. Kupanda mlima kwake ni rahisi kuliko kushuka, kwa sababu anayepanda huinama mbele. Akisukuma toroli anakwenda mbali kuliko akitembea mikono mitupu. Na anaweza kuendesha baiskeli kilometa kadhaa, lakini hawezi kusimama nusu saa mbele ya mashine.

Sababu yake ni rahisi. Mwili ukisimama wima, mfereji wa kiuno hupungua nafasi. Mwili ukiinama mbele, mfereji hufunguka kidogo na mishipa hupata kupumua.

Sasa mfikirie nyapara ambaye hajui jambo hili. Anamwona mtu anafika kazini kwa baiskeli, mzima kabisa. Saa moja baadaye anamkuta amechuchumaa. Anamwambia ainuke, naye anainuka na kutembea bila tabu. Dakika kumi baadaye amechuchumaa tena. Nyapara ataandika nini katika daftari lake? Ataandika "mvivu" au "anajifanya mgonjwa". Dalili ile ile ambayo daktari angeitumia kumtambua mgonjwa ndiyo nyapara anayoitumia kumshtaki.

Jambo hili nimeliona kwa macho. Katika shamba moja la miwa ambako nilikwenda kwa kazi ya chama, mpakiaji mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuwa amepewa barua ya onyo la mwisho. Kosa lake lilikuwa kwamba alionekana akiendesha baiskeli siku ambayo alisema hawezi kusimama. Mwakilishi wa tawi alikataa kutia sahihi barua ile, akadai mzee apelekwe hospitali ya rufaa kwanza. Picha ikaonyesha mfereji umebanwa mahali pawili. Barua iliondolewa, naye akahamishiwa stoo ya vifaa, anakoweza kukaa na kusimama apendavyo. Lakini fidia hakupata hata senti moja. Kampuni ilijibu kwa mstari mmoja: "Ni umri."

Kwa hiyo kila mwakilishi wa chama azishike dalili hizi kama anavyoshika kadi yake. Mwenzako akiitwa mwongo kwa sababu anapanda baiskeli lakini hawezi kusimama, mwulize kwanza: je, ukiinama unapata nafuu? Akisema ndiyo, apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa kwa meneja.

LINI UKIMBIE HOSPITALI

Si kila maumivu ya mgongo ni ugonjwa huu. Mengi ni ya misuli, nayo huisha yenyewe kwa wiki chache. Lakini yako mambo ambayo hayangoji mwisho wa mwezi:

1. Ukishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikitoka bila wewe kujua, au ukipata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Ile mishipa ya mkia wa farasi inasongwa. Inahitaji kufunguliwa haraka, na ukichelewa huenda isirudi tena kama zamani.

2. Mguu ukipoteza nguvu, kwa mfano unyayo unaburuzika au ngazi hazipandiki, usingoje.

3. Ukianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, panga linakuponyoka, na miguu imekuwa migumu au unajikwaa ovyo, mfereji unaweza kuwa umebanwa shingoni. Hapo kinachosongwa ni ugwe wenyewe, na jambo hili ni zito hata kama huna maumivu makali.

4. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda ni hadithi nyingine. Katika nchi zetu inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Kina dawa na hupona, lakini kikiachwa huvunja pingili na kuleta kibiongo na kupooza. Mzee mwenye maumivu yasiyolala usiku apimwe pia saratani, ya tezi dume ikiwamo.

Kuna na ugonjwa wa mishipa ya damu ya miguu, unaowapata sana wavuta sigara na wenye kisukari. Nao huleta maumivu mtu akitembea. Lakini huyo akisimama tu hupata nafuu, hana haja ya kuinama wala kukaa, na mapigo ya damu katika nyayo zake ni dhaifu. Daktari anaweza kuyapapasa kwa vidole bila mashine yoyote. Mwombe ayapapase.

MATIBABU, NA MAMBO YA KUACHA

Neno la kwanza ni la kutia moyo. Mfereji ukionekana umebanwa katika picha, hiyo si hukumu. Watu wengi waliopita miaka 60 wana mfereji uliobanwa kidogo katika picha na hawana shida yoyote. Na miongoni mwa wenye maumivu, wengi hukaa miaka bila kuzidiwa, wengine hupata nafuu. Hakuna sababu ya mtu kuuza shamba siku ile ile aliyopewa picha.

Neno la pili ni juu ya picha yenyewe. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, wala haionyeshi mishipa ya fahamu. Picha inayoonyesha mfereji vizuri ni ile ya mashine ya sumaku, wanayoiita MRI. Ni ghali, na si kila mgonjwa anaihitaji. Inahitajika hasa pale daktari anapofikiria upasuaji au anapoogopa jambo baya. Zahanati ikikukata pesa ya eksirei kila mwezi, uliza inatafuta nini.

Matibabu ya kwanza ni tiba ya viungo. Mtaalamu humfundisha mgonjwa kunyoosha nyonga, kutia nguvu misuli ya tumbo na matako, na kulala chali akivuta magoti kifuani ili mfereji ufunguke. Baiskeli yenyewe ni dawa, ndiyo maana ni ubaya mkubwa kumwadhibu mtu kwa kuiendesha. Kutembea vipande vipande, mtu akipumzika kabla maumivu hayajawa makali, ni bora kuliko kulala kitandani wiki nzima. Kulala sana hukausha misuli na kuharibu zaidi.

Dawa za maumivu husaidia kwa muda. Lakini tuseme ukweli juu ya tabia iliyoenea mashambani, ya kununua diklofenaki au ibuprofeni dukani kama peremende, au kudungwa sindano kila Jumatatu ili umalize wiki. Dawa hizo zikizidi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo, na zaidi kwa mtu anayekata miwa juani bila maji ya kutosha. Hazipanui mfereji. Zinanyamazisha kengele ili moto uendelee.

Iko pia sindano ya kutia dawa karibu na mishipa, ndani ya mgongo. Mwaka 2014 ilitangazwa Marekani habari ya uchunguzi wa wagonjwa 400 wa ugonjwa huu. Waliodungwa dawa ya steroidi pamoja na ganzi hawakuwa na nafuu ya maana kuliko waliodungwa ganzi peke yake, walipopimwa baada ya wiki 6. Kwa hiyo mtu asiuze ng'ombe kwa sindano hiyo bila kuuliza sana.

Upasuaji upo, nao ni wa kweli. Daktari huondoa mfupa wa nyuma ya mfereji na kano iliyonenepa, ili mishipa ipate nafasi. Husaidia zaidi maumivu ya miguu na kutembea kuliko maumivu ya kiuno chenyewe, na haumfai kila mtu. Mwaka 2015 huko Pittsburgh, Marekani, madaktari walitoa habari ya wagonjwa 169 ambao wote walikuwa wamekubali kupasuliwa. Kwa kura, wengine walipelekwa kwenye upasuaji na wengine kwanza kwenye tiba ya viungo. Baada ya miaka 2 makundi hayo mawili hayakuonyesha tofauti. Lakini zaidi ya nusu ya wale wa tiba ya viungo waliishia kupasuliwa. Fundisho ninalolipata ni hili: anza na tiba ya viungo kwa bidii, na ukiona miezi inapita na miguu inazidi kukataa, usiogope kisu. Hapa Uganda upasuaji wa namna hii hufanyika katika hospitali kubwa kama Mulago, na Tanzania wanayo taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Mambo ya kuacha ni haya: kukanyagwa mgongoni na mtoto au na jirani, kuvutwa shingo na kinyozi, kuchanjwa na kupakwa majivu. Mwenye mfereji mwembamba, kusukumwa kwa nguvu kunaweza kumaliza kile kidogo kilichobaki.

"NI UMRI"

Sasa nirudi kwenye lile jibu la mstari mmoja.

Ni kweli kwamba umri umo. Ni kweli pia kwamba wengine wamezaliwa na mfereji mwembamba, na kwamba urithi wa wazazi una sehemu yake katika kuchakaa kwa diski. Mtu wa chama asiyesema hivyo atashindwa mezani, kwa sababu daktari wa kampuni atayasema. Lakini umri haufanyi kazi peke yake. Magari mawili yalinunuliwa siku moja. Moja limebeba padri kwenda kanisani, jingine limebeba mawe miaka ishirini. Fundi hatasema yote yamechakaa sawa kwa sababu ya tarehe ya kununuliwa.

Tufanye hesabu. Gunia la sukari au mfuko wa saruji ni kilo 50. Tuseme mpakiaji mmoja anainua 200 kwa siku. Hizo ni kilo 10,000, yaani tani 10. Kwa siku 6 ni tani 60. Kwa wiki 50 ni tani 3,000, zote zimepita katika zile pingili 5 za kiuno, nyingi zikiwa zimeinuliwa kutoka chini na kupindwa pembeni. Anayepuliza dawa na pampu ya mgongoni ya lita 16 amebeba zaidi ya kilo 16 tangu asubuhi, juu ya udongo unaoteleza. Mchumaji chai huinama na kujinyoosha siku nzima, na tenga linazidi uzito kila saa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni mgongo wa mtu.

Nchi nyingine zimekwisha kukubali hesabu hii. Ujerumani, tangu mwaka 1993, maradhi ya diski za kiuno yanayotokana na miaka mingi ya kubeba mizigo mizito au kuinama sana yamo katika orodha ya magonjwa ya kazi. Ufaransa iliweka katika orodha yake, mwaka 1999, maumivu ya mshipa wa mguu yanayotokana na diski kwa wabebaji wa mizigo mizito. Masharti yao ni magumu, na wengi hukataliwa. Lakini mlango upo. Hapa kwetu, mlango haujachongwa.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127 mwaka 1967. Mkataba huo unakataza mfanyakazi kutakiwa, au hata kuruhusiwa, kubeba kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo Na. 128 la mwaka huo huo linasema kwamba mahali ambapo mwanamume mzima hubebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kupunguza hadi hapo. Na mizigo ya wanawake na vijana iwe midogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Na jirani zetu wa Kenya, kwa ajili ya kupiga vita lumbesa, sheria yao inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kama viazi vinaweza kupimwa kwa sheria, mgongo wa anayevibeba nao unaweza.

TUDAI NINI

Katika Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza. Miezi miwili ikipita naye bado mgonjwa, mwajiri anaweza kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Miezi miwili inamtosha mtu mwenye malaria. Mtu wa mfereji uliobanwa ndiyo kwanza anapanga foleni ya picha. Kwa hiyo sheria peke yake haitatuokoa. Lazima tuandike yetu katika mkataba wa hali bora. Napendekeza mambo sita:

Kwanza, uzito. Mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo 50 popote, na tuanze kudai magunia ya kilo 25 kwa kazi ya kuinua siku nzima. Mzigo mzito kuliko hapo ubebwe na watu wawili au mashine.

Pili, vifaa. Toroli, mikokoteni, meza za kupakilia zenye kimo cha kiuno ili mtu asiinue kutoka sakafuni. Hivi si vitu vya anasa. Meza ya mbao hutengenezwa na seremala wa kampuni kwa siku moja.

Tatu, viti. Anayesimama mbele ya mashine apewe kiti cha kuegemea na ruhusa ya kukaa kila saa, pamoja na kigogo cha kuwekea mguu mmoja. Kuinua mguu mmoja hupunguza kubanwa kwa kiuno.

Nne, kazi nyepesi. Mgonjwa mwenye cheti ahamishiwe kazi ya kukaa na kusimama kwa zamu, bila kupunguziwa mshahara wa msingi.

Tano, uchunguzi. Hakuna onyo la uvivu kwa mtu anayelalamika miguu au mgongo kabla hajaonwa na daktari wa nje ya kampuni. Gharama iwe ya mwajiri.

Sita, daftari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inatoa nafasi ya wawakilishi na kamati za usalama. Kila tawi liwe na daftari: jina la mfanyakazi, kazi yake, miaka aliyobeba, uzito, siku alipoanza kuumwa, na alichoandikiwa zahanati. Siku tutakapokwenda kudai maradhi haya yaingizwe katika orodha ya magonjwa yanayolipiwa fidia, hatutapeleka nyimbo. Tutapeleka madaftari. Orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 imeacha nafasi kwa maradhi mengine ya misuli na mifupa ambayo hayakutajwa, ikiwa uhusiano wake na kazi umethibitishwa. Kuthibitisha huko kunaanzia kwenye daftari la tawi.

NENO KWA WENZETU WA UJIRA WA KIPANDE

Najua kuna watakaosema: "Ndugu, ukipunguza mzigo unapunguza mshahara wangu. Mimi nalipwa kwa tani." Hoja hiyo si ya kudharau. Mtu mwenye watoto watano shuleni hawezi kula pingili zake, lakini hawezi kula ushauri wangu pia.

Jibu langu ni kwamba bei ya kipande na uzito wa kipande ni jambo moja, nayo yajadiliwe meza moja. Tukidai gunia dogo bila kudai bei, tutakuwa tumemwibia mwenzetu. Tukidai bei bila kudai uzito, tutakuwa tumeuza mgongo wake kwa bei nzuri kidogo. Ujira wa kipande ulipangwa hivi makusudi: mtu ajisimamie mwenyewe kwa kiboko cha njaa, na nyapara apumzike. Kijana wa miaka 22 anayebeba magunia mawili kwa mpigo na kushangiliwa anapandisha kiwango ambacho mwenzake wa miaka 45 atalazimishwa kukifikia. Na yeye mwenyewe atafika miaka 45. Wazee husema mchumia juani hulia kivulini. Lakini aliyechumia juani kwa mgongo wake mpaka ukabanwa, atafika kivulini kwa kutambaa, na pengine kivuli hicho kitakuwa cha kibanda ambacho kampuni imekwisha kumtaka akihame.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili ya wiki hii, kabla ya mikutano mikubwa na kabla ya mazungumzo na waajiri. Kila mwakilishi anunue daftari la kurasa 96 na aandike majina matano ya kwanza. Na kila mmoja wetu, akimwona mwenzake amechuchumaa kati ya mistari ya chai au nyuma ya mashine, asicheke wala asiseme "mzee amechoka". Amwulize kama miguu inaingia ganzi, na kama akiinama anapata nafuu. Kisha amwambie kwamba ugonjwa wake una jina, una matibabu, na una chama.

Umoja ni nguvu.